Je, miti ya kingoni itakiokoa kijito cha shule yetu?

Swali: Ndugu mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sayansi. Nyuma ya shule yetu kinapita kijito ambacho mtu mzima anakivuka kwa hatua mbili tatu. Wazee wanasema zamani kilikuwa na kivuli na samaki wadogo. Leo kingo zake ni tupu, mashamba na malisho yamefika hadi majini, na mvua ikinyesha maji yanageuka tope kwa siku nzima. Klabu ya wanafunzi inataka kupanda miti. Mzazi mmoja anapinga, anasema miti itakunywa maji yote. Mwingine anasema tufanye usafi tu, tuondoe magogo na majani yaliyooza. Nani yuko sahihi? Tupande upana gani? Na wanafunzi wanaweza kufanya sayansi yenye maana hapo, au itakuwa mchezo tu?

Jibu: Mwalimu, salama, na asante kwa swali la mtu aliyekitazama kijito chake vizuri. Kwa ufupi: pandeni, acheni magogo na majani yalipo, na ndiyo, wanafunzi wako wanaweza kufanya sayansi ya kweli, ilimradi waanze kupima kabla ya kupanda. Sasa nieleze, na naomba nianze na mzazi anayetaka usafi, kwa sababu ushauri wake unasikika wa busara lakini ndio utakaokiumiza kijito zaidi.

Siku ambayo maji yametulia, shuka uokote jani lililozama kwa wiki tatu au nne. Lishike kwa vidole viwili, utaona linateleza. Utelezi huo ni kuvu na bakteria waliolipaka jani pande zote na kuanza kulilainisha. Liinue kwenye mwanga. Mahali pengi nyama ya jani imekwisha, imebaki mishipa tu kama wavu mwembamba. Aliyelila huenda bado yumo kwenye lile rundo uliloliokotea: tunutu, yaani mdudu mchanga asiyeota mabawa bado, mwenye mikia miwili, au buu aliyejijengea nyumba ya mchanga na vipande vya vijiti kwa uzi anaoutoa mdomoni, akitembea nayo mgongoni. Hao ndio wasagaji wa kijito. Makombo yao na mavi yao huchukuliwa na maji, na chini kidogo kuna wadudu wengine waliotega nyavu ndogo kati ya mawe, wanakamata kila chembe inayopita. Samaki hula hao wote. Kwa hiyo yale majani yaliyooza, ambayo mzazi anayaona uchafu, ndiyo chakula cha msingi cha kijito kidogo kilicho chini ya miti. Jua haliingii vya kutosha kuotesha mwani mwingi humo ndani. Nguvu karibu yote inatoka juu, kwenye matawi.

Hili limejaribiwa. Huko Coweeta, katika milima ya kusini mwa Appalachia nchini Marekani, mwaka 1993 watafiti walifunika kijito kimoja kwa wavu ili majani yasiingie, wakaacha kijito jirani kama kilivyo, wakahesabu wanyama wa vijito vyote viwili. Walipochapisha matokeo ya miaka mitatu mwaka 1997, wadudu wa sakafuni katika kijito kilichofunikwa walikuwa wamepungua sana, wakiwemo wale wasiokula majani kabisa, yaani wawindaji wanaokula wenzao. Hapakuwa na sumu iliyomwagwa wala mfereji uliochimbwa. Kilichokatwa ni majani tu.

Na mambo hayaishii majini. Katika kisiwa cha Hokkaido, Japani, Shigeru Nakano na wenzake walizuia wadudu wa msituni wasidondoke kwenye kijito. Samaki walipokosa wadudu wa kutoka juu wakawageukia wadudu wa sakafuni. Wale wadudu walipopungua, mwani waliokuwa wakiula ukaongezeka juu ya mawe. Katika msitu huohuo walipiga hesabu ya mwaka mzima: zaidi ya asilimia 40 ya chakula cha samaki ilitoka nchi kavu, na karibu robo ya chakula cha ndege wa msituni ilitoka majini, kwa wadudu waliokomaa wakaota mabawa na kuruka. Kila ninapowafundisha vijana mambo haya huwa natulia hapa kidogo, maana mtu akishaona kwamba ndege aliye juu ya tawi analishwa na kijito, na samaki aliye kijitoni analishwa na tawi, haulizi tena kwa nini ukingo uwe na miti.

Magogo nayo yana kazi. Gogo lililolala kukatiza mkondo hupunguza kasi ya maji, nyuma yake hujikusanya majani na kokoto, mbele yake huchimbika kidimbwi ambamo samaki hujificha na kukimbilia maji yakipungua. Gogo la kuondoa ni lile linaloziba kalvati au kutishia daraja. Mwambieni mzazi kuwa kazi ya usafi ipo, tena nyingi: chupa, mifuko ya plastiki, nguo kuukuu, betri, makopo ya dawa za mashambani. Hayo yote yatoke. Makopo ya dawa na betri yashikwe na watu wazima wenye glavu, si wanafunzi.

Sasa mzazi wa kwanza. Huyu msimbeze, kwa sababu ana hoja. Miti hunywa maji, na vipimo vinaonyesha hivyo. Mwishoni mwa mwaka 1965, huko Hubbard Brook katika jimbo la New Hampshire, Marekani, kundi la Herbert Bormann na Gene Likens lilikata miti yote ya bonde dogo la karibu hekta 16, na kwa miaka mitatu wakazuia mimea isiote tena. Maji yaliyotoka kwenye bonde hilo yaliongezeka kwa karibu asilimia 40 mwaka wa kwanza. Mtu akisoma hapo akafunga kitabu, atakwenda kukata miti. Asome mbele. Naitreti, yaani naitrojeni ya udongoni iliyoyeyuka majini, katika kijito kile ilipanda zaidi ya mara 40, ikapita kiwango kinachokubalika kwa maji ya kunywa, na rutuba ya udongo ikawa inateremka na maji mwaka hadi mwaka. Bonde lilipata maji mengi zaidi kwa kujimwaga lenyewe.

Vilevile tofautisha mti na mti. Mikaratusi na miti mingine inayokua upesi, ikipandwa ukingoni ambako mizizi inafika kwenye maji mwaka mzima, hunyonya vibaya. Afrika Kusini ilianzisha mpango wa kitaifa mwaka 1995, Working for Water, wa kung'oa miti vamizi ya kigeni ili kurudisha maji mitoni. Kwa hiyo mzazi akisema "msipande mikaratusi kando ya kijito," mpeni mkono. Pandeni miti ya asili ya kingo za mito ya kwenu, ile iliyokuwepo kabla. Wazee waliokusimulia habari za samaki ndio wa kuulizwa kwanza: mti gani ulikuwa unasimama na miguu majini, upi ulikaa nyuma kidogo. Kisha tembeeni mpaka sehemu ya kijito iliyobaki na msitu, hata kama ni mbali, mkaangalie wenyewe na kuokota mbegu hukohuko.

Tuje kwenye tope, maana ndilo linalokusumbua. Kabla hujapanda chochote, jua linatoka wapi. Mvua ikiisha kunyesha na hatari ya mafuriko imepita, tembea kando ya kijito kuelekea juu ukiwa umevaa buti, ukitazama kila mahali maji yanapoingilia. Mara nyingi utakuta tope haliji sawasawa kutoka kila upande. Linatoka sehemu chache: njia ya ng'ombe inayoshuka majini, ukingo mmoja unaomeguka, korongo dogo la shambani, mtaro wa barabara. Naona watu wengi wakipanda miti kwa bidii mita mia mbili kutoka kwenye mtaro unaomwaga nusu ya tope lote. Miti ya ukingoni huchuja maji yanayopita juu ya ardhi yakiwa yametawanyika, yakitambaa taratibu kwenye majani makavu na mizizi. Maji yaliyokwisha kujikusanya kwenye korongo au bomba hupita katikati ya miti kama mtu anayepita kwenye mlango ulio wazi. Hayo yazuieni huko juu kwa makinga maji, matuta yanayofuata kontua, na nyasi zilizopandwa pale yanapoanzia.

Kwa ukingo unaomeguka na kwato za mifugo, miti ni tiba ya kweli. Mizizi hushona udongo. Lakini kuna jambo ambalo liliwashangaza hata watafiti. Bern Sweeney na wenzake wa Stroud Water Research Center, kituo kilichoanzishwa mwaka 1967 kando ya kijito cha White Clay huko Pennsylvania, Marekani, walilinganisha sehemu zenye msitu na sehemu zisizo na msitu katika vijito 16, wakachapisha matokeo mwaka 2004. Sehemu zenye msitu zilikuwa pana zaidi. Sababu yake ni kwamba nyasi hupenda jua: zikiachiwa ukingo peke yake hukamata tope, hujenga juu yake, na kusogea ndani kidogokidogo mpaka mkondo unakuwa mwembamba na wa kasi kama mfereji. Chini ya miti nyasi hufifia, mkondo hutanuka, maji huenda polepole juu ya sakafu pana yenye mawe, mizizi na majani. Kwa kila mita ya urefu, kijito cha msituni kilikuwa na makazi mengi zaidi ya viumbe na kilisafisha naitrojeni nyingi zaidi. Kwa hiyo kijito chenu kikianza kutanuka kidogo miaka mingi baadaye miti ikiwa mikubwa, msifikiri kimeharibika.

Kivuli chenyewe ni dawa. Maji ya nyuzi 10 za Selsiasi yanaweza kubeba miligramu 11 hivi za oksijeni kwa lita; yakifika nyuzi 30 hubeba kama 7.5 tu. Na katika joto hilohilo samaki na wadudu wanahitaji oksijeni zaidi. Kijito cha hatua mbili kilicho wazi juani hupata moto haraka, kina chake ni kidogo. Lakini hichohicho kidogo ndicho matawi ya pande mbili yanaweza kukifunika chote, jambo lisilowezekana kwenye mto mkubwa. Vijito vya aina ya chenu ndivyo vinavyofanya sehemu kubwa ya urefu wote wa mtandao wowote wa mito, na mwaka 1980 Robin Vannote na wenzake walieleza namna mto unavyobadilika kutoka chemchemi hadi chini, kila sehemu ikiishi kwa kile kinachoteremshwa na sehemu ya juu yake. Msikione kidogo.

Chini ya ardhi kuna kazi nyingine ambayo haionekani. Mbolea ya naitrojeni iliyozidi shambani huzama na kusafiri na maji ya ardhini kuelekea kijitoni. Ikipita kwenye udongo wa ukingoni, ulio chepechepe, usio na hewa nyingi, wenye mabaki ya mizizi, bakteria huigeuza naitreti kuwa gesi ya naitrojeni ikarudi hewani bila madhara. Fosforasi ni tofauti: husafiri imejishika kwenye chembe za udongo, kwa hiyo ukizuia tope umeizuia sehemu kubwa.

Upana sasa. Mwaka 2014 Sweeney na Denis Newbold walipitia tafiti nyingi wakauliza swali lako hasa, na walihitimisha kwamba msitu wa walau mita 30 kila upande unahitajika ili kulinda vijito vidogo kwa ujumla wake: joto, tope, naitrojeni, wadudu, samaki. Sheria za nchi nyingi zina kiwango chao cha hifadhi ya kingo, nacho hutofautiana, kwa hiyo ulizeni ofisi ya maji au ya mazingira ya kwenu. Najua shamba la jirani huenda halitoi mita 30. Kama ana mita 10, pokeeni 10 kwa shukrani. Hata ukanda mwembamba unatia kivuli na kushika ukingo. Kinachouma zaidi, kwa uzoefu wangu, ni mapengo: ukanda mzuri wa mita 30 upande wa shule, halafu sehemu tupu ambapo mifugo yote ya kijiji inanywea. Afadhali ukanda mwembamba usiokatika, mkauongeza upana taratibu kadri majirani wanavyouona ukifanya kazi. Wafugaji wasitukanwe wala wasifungiwe maji. Tengenezeni birika nje ya ukanda, maji yafuate mifugo. Mkilipata hilo, mmeshaondoa chanzo kikubwa cha tope kabla ya mche wa kwanza.

Kuhusu kupanda, nitakueleza kilichonipata. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu tulipanda miche kama mia nne kandokando ya kijito kimoja, siku nzuri, watu wengi, picha nyingi. Hatukupanga nani atapalilia. Nilirudi baada ya mwaka nikatembea nikihesabu, nikafika thelathini na kitu. Mingine ilikuwa imefunikwa na nyasi zinazonifika kifuani, mingine imeliwa na mbuzi, michache ilikuwa imesombwa kwa sababu tuliipanda chini mno, karibu kabisa na maji. Tangu siku ile huwa nawauliza watu swali moja kabla ya kukubali kwenda: ratiba ya palizi ya miaka mitatu iko wapi? Mche ukizungushiwa matandazo, ukapaliliwa, ukazuiliwa mifugo mpaka upite kimo cha mdomo wa ng'ombe, utajitegemea. Kama kitalu chenu kina miche mia moja na nguvu ya kutunza hamsini, pandeni hamsini. Na mahali penye mbegu za miti ya asili udongoni, wakati mwingine uzio peke yake unatosha, miti huota yenyewe.

Sasa wanafunzi. Mchezo hugeuka sayansi pale mnapokuwa na kitu cha kulinganisha. Chagueni vituo viwili: kimoja pale mtakapopanda, kingine juu ya hapo ambapo hamtagusa kitu. Pimeni vyote viwili, kwa njia ileile, tangu kabla ya kupanda. Bila kituo cha pili, mwaka wa ukame au wa mvua nyingi utawadanganya.

Vifaa si vingi. Kipimajoto, kisomwe saa ileile kila mara, alasiri ikiwezekana, kwa sababu ndipo jua linapokiumiza kijito. Kwa tope, tafuteni bomba la plastiki angavu lenye urefu kama wa mita moja, zibeni chini, chini yake wekeni alama nyeusi na nyeupe. Mimina maji ya kijito taratibu huku mwanafunzi akichungulia kutoka juu. Alama ikitoweka, soma kina kwa sentimita. Wazo hili ni la padri na mwanasayansi wa Italia, Angelo Secchi, aliyeteremsha sahani nyeupe baharini mwaka 1865 akipima mpaka ilipotoweka machoni. Mvua ikinyesha, ile namba ya sentimita itaanguka, na wanafunzi wataona wenyewe inachukua saa ngapi kurudi. Huo muda wa kurudi ni kipimo kizuri sana cha afya ya ukingo.

Kisha wadudu. Jazeni majani makavu ya mti wa ukingoni kwenye mfuko wa wavu wenye matundu makubwa, fungeni kwenye jiwe, tumbukizeni, acheni kama wiki nne. Mkiutoa, ukungutieni kwenye beseni jeupe lenye maji kidogo na msubiri bila kulitikisa. Kwa dakika moja mnaona majani tu. Halafu kitu kinatembea. Mkiona tunutu wenye mikia mitatu na matamvua yanayopepea ubavuni, au wale wa mikia miwili, au wenye nyumba za mchanga, maji yenu yana oksijeni ya kutosha, maana hao hawavumilii uchafu. Mkiona minyoo myekundu midogo pekee, ambao wengi wao kwa kweli ni mabuu ya visubi waliojaa himoglobini ya kuwasaidia kuishi penye hewa chache, kijito kinalalamika. Afrika Kusini wana njia rahisi inayoitwa miniSASS, yenye makundi 13 tu ya wanyama na alama kwa kila kundi, na shule nyingi zinaitumia. Wadudu wana faida ambayo chupa ya sampuli haina: chupa inasema maji yalikuwaje leo, mdudu aliyekaa mle miezi kadhaa anasimulia miezi yote hiyo.

Usalama uje kwanza. Msiingie majini wakati wa mafuriko wala saa chache baada ya mvua kubwa huko juu. Kama eneo lenu lina kichocho, wanafunzi wasikanyage maji kwa miguu mitupu wala kutumbukiza mikono. Tumieni buti, glavu ndefu na wavu wenye mpini, mkiwa ukingoni. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji safi. Na waambie wazi kwamba maji yakishakuwa maangavu bado si ya kunywa, vijidudu vya magonjwa havionekani kwenye bomba la Secchi.

Mwekeeni kijito daftari moja lisilohama na darasa. Tarehe, saa, hali ya hewa, joto, sentimita, wadudu, na jina la aliyepima. Rudieni miezi ileile kila mwaka. Msishangae mambo yakienda kwa mwendo tofauti: mifugo ikitolewa majini, tope hupungua mapema, joto litasubiri matawi yakutane juu, wadudu wagumu kupatikana huchelewa zaidi ya wote, kwa sababu lazima waruke kutoka kijito kingine kilicho salama, na kama hakipo karibu watachukua miaka. Mwaka ambao namba hazikubadilika nao uandikwe kama ulivyo.

Ukiwa na vipimo vya vituo vyote viwili vya msimu mmoja kabla ya kupanda, niandikie tena pamoja na mchoro wa mahali tope linapoingilia, tuangalie pamoja mwanzie upande gani.